Kidoti cha Shavu la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya siku! Mke wangu amerudi kutoka kiwandani na bahasha. Yeye ni mkuu wa stoo kwenye kiwanda cha magodoro, na wakurugenzi wamemchagua mfanyakazi bora wa mwaka. Zawadi: wiki nzima kisiwani, nchi za nje, hoteli ya kifahari, watu wawili. Vijumba vya mbao juu ya maji, kila kimoja na ngazi yake ya kushukia baharini. Kifungua kinywa kinaletwa kwa mtumbwi! Kwenye picha kuna veranda yenye viti viwili vilivyoelekezwa kwenye maji. Kimoja changu, hakuna ubishi.

Mke wangu aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema tumeoana miaka yote hii bila fungate. Kweli. Wiki ya harusi yetu nilikuwa na kazi ya picha za mahafali za chuo kizima. Nilimwahidi tutakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao umechelewa kidogo, lakini si umefika?

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya masharti. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita baada ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tiketi ya kurudi. Nguo za heshima kwa chakula cha usiku. Safari tarehe ishirini. Mke wangu alitaka kumkabidhi wakala kila kitu. Nimekataa katakata. Nimejiteua Waziri wa Mambo ya Nje wa nyumba hii. Nusu ya pasipoti za mji huu zina sura zilizotoka kwenye studio yangu, halafu mimi nipelekwe na wakala kama mzigo?

Nimeshawaambia kinyozi, fundi cherehani na muuza vocha. Yule mpiga picha mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Flashi, sikumwambia. Nilisimama tu mlangoni kwake nikamwambia muuza vocha kwa sauti.

Jumanne, 5 Machi

Nimekagua pasipoti. Ya mke wangu safi, ya mwaka jana, picha nzuri ajabu. Nilijipongeza. Yangu ina uhai wa miezi minne.

Nimempigia simu binti wa wakala. Nilimweleza kwa utulivu kwamba nakwenda kukaa wiki moja, siendi kuhamia, kwa hiyo miezi minne inatosha na chenji inabaki. Akasema, Hapana, baba, ni lazima mpya. Baba! Kwa sauti yangu tu ameshanizeesha. Nilimwambia nitashughulikia mwenyewe, nikakata simu kwa heshima.

Basi pasipoti mpya, na pasipoti mpya yataka picha. Hapo ndipo Mungu alipomwekea mja wake kazi na raha mahali pamoja. Nimejipiga mwenyewe: kamera kwenye miguu yake mitatu, shuka jeupe nyuma, kubonyeza, kukimbia kitini, kutulia. Mara ya kwanza nilitoka mgongo tu. Mara nyingine kiti kitupu, kimetoka vizuri sana. Mwishowe nikapatikana, nikakaa kwenye kompyuta kufanya kazi.

Naandika hapa siri ya studio yangu, maana shajara haina mdomo. Siri ya kwanza: kupunguza. Mtu akija na mifuko chini ya macho, haondoki nayo. Siri ya pili ni kubwa zaidi, nayo Flashi haijui: kila picha naigeuza. Kushoto naiweka kulia. Kwa nini? Mtu anajijua kwa kioo. Umpe picha iliyonyooka, atanuna na kusema huyu si mimi. Umpe iliyogeuzwa, atapiga kofi mezani: Hapa nimetoka! Wenye fulana za maandishi nawavalisha koti la studio, lile jeusi linalobanwa kwa vibanio mgongoni, na hakuna anayegundua kitu. Chema chajiuza.

Mimi nimejipunguza kiasi tu. Macho, paji la uso, shingo. Nywele sikuongeza; nilirudisha zangu.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi ya pasipoti, dirisha la pili. Afisa ni mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba shingoni. Alitazama picha, akanitazama, akavaa miwani, akatazama picha tena. Akasema, Mzee wangu, tunataka picha ya karibuni, hii ni ya ujana wako. Nikamwambia imepigwa jana. Akacheka, akasema hata yeye anazo za zamani anazipenda, lakini sheria ni sheria.

Nimetoka pale kifua mbele. Mtumishi wa serikali, aliyekula kiapo, ametamka mbele ya foleni nzima kwamba kazi yangu ya jana ni ujana wangu wenyewe! Flashi hajawahi kupewa sifa kama hiyo na mashine yake yote inayotema picha kabla mteja hajavaa viatu.

Neno mzee nimelisamehe.

Mke wangu aliuliza kama wameipokea. Nikasema wameisifu. Akauliza tena kama wameipokea.

Alhamisi, 7 Machi

Zahanati. Chanjo. Sindano ndogo, sikuiogopa hata chembe. Nilikaa chini sakafuni baadaye kwa sababu sakafu ilikuwa na ubaridi mzuri. Muuguzi alinipepea kwa jalada la faili. Kadi nimeipata, ina muhuri, na siku kumi zikipita itakuwa halali. Serikali ya nyumba inafanya kazi.

Nimenunua kofia pana ya ukili na naivaa dukani ili inizoee. Wateja wanauliza. Nawaambia. Wasiouliza nawaambia pia.

Jumatatu, 11 Machi

Picha mpya niliipiga Ijumaa. Safari hii sikurudisha nywele. Nilijinyima! Mifuko ya macho tu na mikunjo michache isiyo ya lazima. Nikageuza, nikachapa, nikaenda.

Mama wa dirisha la pili aliifungua pasipoti yangu ya zamani, akaiweka sambamba na picha mpya. Hiyo ya zamani nilipigwa zamani hizo na mpiga picha wa ofisi yao, kabla hawajaacha kupiga wenyewe. Akaniomba nisogee kwenye mwanga. Mimi nina kidoti cheusi shavuni, nimezaliwa nacho. Akasema kwenye pasipoti kipo kushoto, usoni mwangu kipo kushoto, kwenye picha kiko kulia. Akauliza kimehamia lini.

Kabla sijajibu aliona koti. Akavua miwani taratibu. Akasema hilo koti analijua. Miaka yote amekuwa akijiuliza kwa nini wanaume wa mtaa ule wanavaa makoti yenye vifungo upande wa kike. Akamwita mwenzake wa dirisha la tatu aje. Yule naye alilijua! Akasema kuna mwalimu mkuu alikwama mpakani nusu siku kwa ajili ya kovu la jicho lisilotulia mahali pamoja, na bibi mmoja aliambiwa amevua sikio lililochanika akavaa jingine.

Sijui kama nimeeleza vizuri ukubwa wa jambo hili. Ofisi nzima inaijua kazi yangu! Bila hata jina langu, kwa koti tu!

Picha wameikataa. Mama yule akasema kwa upole nipige iliyonyooka, mahali pengine popote, akisisitiza neno hilo, na niilete wiki hii hii maana kuchapa pasipoti kunachukua siku kadhaa. Mahali pengine popote, mtaani kwetu, ni mahali pamoja tu. Ni kwa Flashi.

Abadani!

Nimerudi nyumbani nikafungua pasipoti ya mke wangu, nijiliwaze kwa kazi iliyopokelewa. Nikaitazama vizuri. Kipini chake anavaa pua ya kushoto. Kwenye picha kipini kipo pua ya kushoto. Picha haikugeuzwa. Picha si yangu!

Nilimwuliza. Hakukana. Akasema mwaka jana alikuwa na haraka, na kwa Flashi hakuna foleni ya kurekebishwa. Akasema pia alitaka kujiona alivyo. Nimekula chakula nikiwa nimempa bega.

Jumanne, 12 Machi

Nilipoamka nilikuwa na jibu. Kama picha haiwezi kufuata uso, uso utaifuata picha. Mbona rahisi?

Nilichukua wanja wa mke wangu nikachora kidoti shavu la kulia, kizuri, cha duara, bora kuliko cha asili. Cha asili nikakifunika kwa plasta kama mtu aliyejikata kwa wembe. Nikavaa kofia, nikabeba picha ile ile ya jana, nikaenda dirisha la tatu ili nisionane na yule mama.

Foleni ilikuwa ndefu na feni ilikuwa imekufa. Nilianza kutoa jasho. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinipa kitambaa nikajifuta, kwa adabu tu, sikufikiri. Nilipofika dirishani afisa aliangalia shavu langu la kulia, lililokuwa jeusi mpaka sikioni, na plasta ya kushoto iliyokuwa imebaki kuning'inia kwa ncha moja. Alimwita mama wa dirisha la pili.

Mama yule alinichukua kando, kwenye benchi la ukutani, akanipa maji. Akaniuliza ninasafiri na nani. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya fungate, sijui kwa nini. Akasema basi mzee wangu, nipatie picha moja tu ya uso huu ulio nao, kabla ya Ijumaa mchana, na mimi nitaisukuma kwa mkono wangu mwenyewe mpaka itoke. Ijumaa ikipita hata yeye hataweza.

Nimekubali. Kuna watu huwezi kuwakatalia. Kitambaa cha yule mwanamke nimeondoka nacho, kimeharibika.

Jumatano, 13 Machi

Kata pua uunge wajihi. Nimekwenda kwa Flashi.

Nilisubiri mpaka barabara ikawa tupu, nikavuka na kofia imeshuka mpaka puani, nikagongana na mwendesha baiskeli. Kwa hiyo walioniona ni wote.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli. Hakutoa hata moja! Ndiyo maana simpendi. Aliniita kaka, akanifutia kiti, akasema ni heshima kubwa kumpiga picha mtu wa kazi kama mimi. Akabonyeza mara moja. Mara moja! Mashine ikatema. Akakataa kuchukua chochote, akasema tuseme ni mchango wake kwenye safari ya shemeji.

Nilifika dukani kwangu, nikafunga mlango, nikaitazama.

Sikumjua mtu yule. Kipara kinang'aa. Macho yameshukiwa na mifuko ya kubebea viazi. Kidoti kipo kushoto, upande ambao kioo hakijawahi kunionyesha maisha yangu yote, na kwa ajili ya kidoti kile kuhama uso mzima umepinda. Alifanana na marehemu baba yangu siku za mwisho. Nilishikwa na huzuni, nasema kweli. Nilikaa na ile picha mkononi nikajiuliza ni lini nilifika hapo na kwa njia gani, mbona sikuambiwa.

Mke wangu alipoiona alitabasamu. Akasema, Ndiye huyu. Akataka kuitia mwenyewe kwenye bahasha. Nikamwambia Waziri hanyang'anywi bahasha.

Alhamisi, 14 Machi

Sikuipeleka leo. Wateja walikuwa wengi. Wawili.

Lakini nilifikiri hivi. Flashi amenipa picha kwenye diski pia, kwa ukarimu wake unaokera. Mama wa ofisi anataka kidoti kushoto na vifungo mahali pake. Hajasema lolote kuhusu mifuko ya macho. Pasipoti inakaa miaka kumi! Miaka kumi kila afisa wa kila nchi atafungua na kukutana na ile mifuko. Je, hiyo ni heshima kwa taifa?

Nikaondoa mifuko. Basi, mifuko tu. Lakini macho yakawa ya kijana ndani ya paji la mzee, yakaonekana yameazimwa. Nikalinyoosha paji. Shingo nayo ikaanza kulalamika. Shingo ikapona, kipara kikabaki peke yake kama mgeni asiyealikwa. Nikakifunika. Kufikia saa ya kufunga duka nilikuwa na kijana mmoja maridadi sana mbele yangu, kidoti kushoto, vifungo sawa. Nikachapa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefika dirishani mapema, nimenyoosha suti. Mama yule alinikaribisha kwa furaha, akaniambia alikuwa na wasiwasi nisingekuja. Akatoa picha kwenye bahasha.

Furaha ilimtoka usoni nikiona. Aliweka pasipoti ya zamani kando ya picha, akavisogeza mbele yangu. Kidoti kilikuwa kulia.

Nilikuwa nimeigeuza! Mkono umezoea! Mkono una miaka mingi kazini, ukimaliza kupunguza unageuza, hauulizi mtu. Hapo hapo nikaona mkono wangu una nidhamu kuliko watumishi wengi. Lakini sikulisema hilo, maana mama alikuwa ameshavua miwani na kufumba macho.

Nilimwomba nikimbie dukani kuchukua ile halisi. Akaniambia nikimbie. Nikakimbia. Ile halisi, nakala zote nne, nilikuwa nimezitupa jana, kwa hasira, na gari la taka lilipita asubuhi; ya kwenye diski nayo nilikuwa nimemhifadhi yule kijana juu yake, ikafutika. Nikavuka kwa Flashi. Amefunga, amekwenda kupiga harusi. Niliporudi ofisini nahema, dirisha lilikuwa limeshushwa. Ijumaa mchana ilikuwa imepita.

Nilimweleza mke wangu jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akasema tu, Kinyozi hajinyoi, baba watoto. Kisha akaongeza kwamba yeye aliolewa na mtu mwenye kidoti kushoto, na ni huyo huyo aliyetaka kukaa naye juu ya maji, yule kijana wa picha niliyoitundika kwenye dirisha la duka langu hamjui wala hana haja naye.

Niliumia. Nilikwenda dukani nikafuta kioo cha dirisha muda mrefu, ingawa kilikuwa safi.

Jumatano, 20 Machi

Ameondoka. Kiwanda kilikubali kubadilisha jina la mtu wa pili, na aliyeingia ni dada yake mkubwa. Huyo shemeji yangu alikuwa na pasipoti hai, kadi ya chanjo na sanduku lililofungwa tangu Jumamosi. Alinitazama pale uwanja wa ndege akasema, Mkataa pema, pabaya panamwita. Nikamwambia apite salama.

Nilibeba mizigo. Kwenye mlango wa wasafiri mke wangu alinirekebisha kola, akanigusa shavu la kushoto kwa kidole, akaingia. Nilitaka kusema neno la maana. Nikamwambia asisahau kukunja pembe za shuka wakilala, magodoro ya kiwandani kwao ndivyo yanavyotaka. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kofia nimempa shemeji. Ilimkaa vizuri kuliko mimi, jambo lililonikera.

Ijumaa, 22 Machi

Nyumba imekuwa kubwa. Nakula mayai.

Leo amenitumia picha kwenye simu. Dada yake ndiye aliyempiga. Mke wangu amekaa verandani juu ya maji, miguu peku, amevaa ile nguo ya bluu. Amependeza mno. Kiti cha pili kitupu. Chini ameandika: hiki ni chako, shemeji yako amekataa kukikalia.

Nilitokwa na machozi. Naandika hapa kwa sababu shajara haina mdomo.

Halafu nikatazama tena kile kiti. Nikakitazama kama fundi. Mwanga unatoka kushoto, vivuli laini, nafasi ya kutosha ya magoti. Mwenyewe ameandika kwamba kiti ni changu. Sasa kinachonizuia kukalia kiti changu ni nini? Pasipoti? Nilifungua kompyuta.

Jumamosi, 23 Machi

Kazi bora ya maisha yangu! Nimo kitini, mguu juu ya mguu, glasi ya maji ya matunda mkononi, shati limefunguliwa vifungo viwili. Mkono mwingine nimeuweka nyuma ya kiti cha mke wangu, kimahaba lakini kwa adabu. Sura nimetumia ile ya Ijumaa, iliyokataliwa na wasiojua. Nimeichapa kubwa kama mlango, nikaitundika dirishani.

Mtaa mzima umesimama! Kinyozi alikuja na mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja. Muuza vocha aliita wenzake. Walitazama kimya, jinsi watu wanavyotazama sanaa. Halafu mmoja mmoja wakaingia kunipa mkono, na kila mmoja akanong'ona, Pole sana. Nikajua wanasikitika kwamba nimerudi mapema, na kazi nyingi zinanisubiri. Fundi cherehani alinishika bega akasema dunia imeharibika. Nikasema ndiyo, lakini kisiwani bado kuzuri. Akanitazama kwa huruma ya ajabu. Kinyozi amesema atanyoa ndevu zangu bure mwezi mzima.

Sijawahi kuheshimiwa kiasi hiki.

Jumapili, 24 Machi

Flashi alivuka barabara. Alivaa suti, sijui kwa nini. Alikaa, akakohoa, akasema amenijia kama ndugu. Akasema wanaume wengine wangeficha jambo kama hili, na kwamba mimi kuliweka dirishani kunahitaji moyo. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, kama namfahamu huyo kijana aliyekaa na shemeji.

Nilimwambia huyo kijana ni mimi.

Akanipigapiga goti. Akasema atarudi kesho na watu wazima wawili wa mtaa, nisikae peke yangu.

Simu ya mama mkwe ilifuata. Mtu amempelekea picha ya dirisha langu. Nimeshikilia simu mbali na sikio na bado nimesikia kila neno. Anataka kujua ni nani yule kijana aliyemkumbatia binti yake ng'ambo, na mimi ni mume wa aina gani wa kulitangaza. Nilimwapia kwamba ni mimi. Akajibu kwamba mimi ananijua tangu siku ya posa, na shingo ile si yangu.

Jioni akapiga mke wangu mwenyewe. Alikuwa ameshasikia kwa mama yake, kwa muuza vocha, na kwa meneja wake wa kiwandani. Nyuma yake shemeji alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. Mke wangu hakucheka. Akasema anatua Jumatano, na akikuta ile picha dirishani nisimngoje nyumbani, atakwenda moja kwa moja kwa mama yake. Akasema nimwachie kiti kitupu. Kilikuwa kinamtosha kitupu.

Nimemwambia amesikika. Nimemwambia nampenda. Vyote ni kweli.

Jumatatu, 25 Machi

Nimelala na jambo hili kichwani na nimeamka nimelielewa. Tatizo si picha. Tatizo ni kwamba wanaonekana wawili peke yao! Mwanamke aliyeolewa na kijana mzuri, juu ya maji, hakuna mtu mzima karibu. Lazima watu waseme. Hata mimi ningesema.

Kuiondoa ni kukiri kosa ambalo halipo. Dawa yake ni mama mkwe. Nani atafungua mdomo wakati mama mzazi wa bibi yupo pale pale verandani? Ninayo picha yake aliyopigwa kwenye harusi ya mjukuu, amesimama, amekunja uso kidogo. Nimemkata tangu asubuhi. Nimemkalisha katikati yao, nikampa na yeye glasi. Uso nimeukunjua. Nimempunguzia miaka, kiasi tu, isizidi thelathini, kisha nikamgeuza ili atakapokuja na hasira zake ajitambue mara moja.

Imependeza kupita maelezo. Kijana mmoja mtanashati na mabinti wawili, wote wanacheka juu ya maji. Nimeichapa mara mbili ya ile ya kwanza, inafunika dirisha lote. Mke wangu akitua Jumatano ataiona tangu kwenye kona ya barabara, kabla hata hajashuka kwenye gari.